Usukani Chini ya Kitanda

Kila asubuhi, kabla ya chai, Papa Anselme alikuwa akivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, analibeba hadi barazani, analifungua, na kuvipangusa vyuma vilivyomo kwa kitambaa chenye oili. Hakuwa na haraka. Alianza na usukani uliovikwa ngozi nyeusi, akafuatia na pedali tatu, akamaliza na chuma kirefu kama mguu wa mtu mzima, ambacho mafundi hukiita reki, kile kinachopokea amri ya usukani na kuyageuza magurudumu. Kila kimoja alikiviringisha tena katika kipande cha kitenge kuukuu. Sanduku likarudi chini ya kitanda, mikono ikanawishwa kwa sabuni ya unga, ndipo akaketi kunywa chai.

Nilimwona akifanya hivyo kwa miezi saba bila kumuuliza. Nilikuwa nimepata kazi ya kutunza maktaba ya shule moja hapa Bwera, mji wa Uganda mpakani na Kongo, na chumba nilichopanga kilikuwa katika ua wake, mlango wangu ukitazamana na baraza lao. Mtu akiwa mkimya, watu humzoea upesi na kusahau kwamba yupo. Mama Marlène, mkewe, ndiye aliyenieleza mambo mengi ya nyumba ile huku akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mumewe si msemaji.

Papa Anselme ni Mnande wa Butembo, Kongo. Huko alikuwa na gereji yake, yenye ukuta na lango, karibu na barabara iendayo Beni. Siku waliyokimbia vita, yapata miaka kumi na miwili sasa, injini za wateja watano zilikuwa zimefunguliwa sakafuni, boliti zake zikiwa zimepangwa katika mabakuli ili zisichanganyike. Aliondoka na mke, binti mmoja mgongoni na spana tatu mfukoni. Mama Marlène anasema njia nzima hadi mpakani mumewe hakuitaja nyumba wala godoro. Aliyataja yale mabakuli. Hili la bluu lilikuwa la nani, lile lenye ufa lilikuwa la nani.

Gereji yake ya sasa ni paa la mabati juu ya nguzo sita, kando ya barabara iteremkayo Mpondwe, kwenye kituo cha mpaka. Wanaokuja ni malori ya Wakongomani, bodaboda, na pikapu za kahawa kutoka Kyondo zilizochoshwa na vilima. Anazijua zote kwa sauti. Mara nyingi huinua kichwa kabla gari halijatokea kwenye kona na kusema beringi ya nyuma imekufa.

Kwa mafundi wa huku kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika. Kifaa kikitolewa kwenye gari na kingine kikawekwa, kile cha zamani ni cha fundi, kama kichwa cha mbuzi kilivyo cha mchinjaji. Mwenye gari akiondoka bila kukiulizia, siku ya tatu kimeshauzwa. Papa Anselme hauzi. Hukiandika jina la mtu kwa rangi nyeupe na kukiweka. Vingi huchukuliwa ndani ya wiki, kwa sababu yeye mwenyewe humpigia mtu simu na kumsumbua hadi aje. Wenzake wa gereji za jirani humwita Papa Depo, yaani bohari. Wakipungukiwa na nati humtuma mtu aende kwa Depo aone kama kuna ya marehemu yeyote.

Vitu vya mtu mmoja tu, vikiwamo vyuma vya sandukuni, ndivyo vilivyokaa miaka sita. Na juu, kwenye boriti za sebule, kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa turubai, ambacho mimi nilidhani ni mtumbwi mdogo. Nilipomuuliza Mama Marlène ni vitu vya nani, alinijibu kwa maneno mawili, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

"Bya Shakib."

Shakib ni msafirishaji wa Kasese. Baba yake alikuwa na malori ya saruji, naye akayarithi mawili. Alipokuwa na miaka ishirini na minane alinunua Subaru Impreza ya bluu yenye tabo ya kuipa injini nguvu, iliyotumika Japani kwanza na Kampala baadaye, gari la kukimbia, na kwa muda hapakuwa na kijana kutoka Kasese hadi Ibanda asiyeijua sauti yake. Aliipenda kama watu wapendavyo farasi. Na kwa kuwa aliipenda hakuiacha ilivyo. Aliweka bomba la moshi pana kama kopo la maziwa. Akabadili springi ili gari lilale chini, ingawa barabara zetu mnazijua. Akaongeza bawa la nyuma, taa za kijani chini ya tumbo, na breki kubwa alizozitoa kwenye gari lenye nguvu zaidi. Kazi zote hizo zilifanywa na Papa Anselme, kwa sababu Shakib alisema mafundi wa Kasese wana mikono ya kufunga mbuzi.

Kisha likaja jambo la usukani.

Mfanyabiashara mmoja wa Beni, mpenda magari ya mbio, aliiona ile Impreza sokoni Bwera siku ya Ijumaa. Alisema angeinunua kwa bei ambayo Shakib hakuwahi kuiota. Akaongeza, kama mtu anavyosema neno la njiani, kwamba ni huruma tu usukani uko kulia, maana ng'ambo ya mpaka wanaendesha upande mwingine wa barabara. Shakib alilichukua neno hilo kama amri. Akaleta gari Bwera akitaka usukani uhamishiwe kushoto. Papa Anselme alimshauri asubiri apate arubuni kwanza. Shakib akamwuliza kama yeye ni fundi au benki.

Kazi ilichukua wiki tatu. Kuhamisha usukani si kuchomoa na kuchomeka. Ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva hutobolewa upande wa pili, tundu la kwanza likazibwa kwa bati na kuchomelewa. Dashibodi hubadilishwa nzima, pedali huhama, nyaya hurefushwa. Ilipokwisha, yule mfanyabiashara alikuwa hapokei tena simu. Baadaye ilisemekana kwamba amehamia Kisangani.

Wakongomani wengine walikuja kuliangalia. Walicheka. Kumbe ng'ambo, kwa upande huu wa mashariki, watu wamezoea tangu zamani kuendesha magari yenye usukani wa kulia, kwa maana ndivyo yanavyofika kutoka Japani kupitia kwetu. Usukani wa kulia haukuwatisha. Kilichowatisha ni usukani uliohamishwa. Mmoja wao alizunguka gari mara moja, akapiga magoti, akachungulia, akasema, "Iyi motokari ilipasuliwa tumbo," akaondoka. Na upande wa Uganda, kuliandikisha gari la usukani wa kushoto kwa jina la mnunuzi mpya ni maneno marefu ambayo hakuna aliyetaka kuyaanza. Shakib alikuwa ametengeneza gari ambalo lilikosa mtu pande zote mbili za mpaka, kwa ajili ya kuwapendeza watu ambao hawakumwomba.

Akalirudisha Kasese, akalifunika nyuma ya nyumba. Lilitoka siku za Idi tu.

Haya yote niliyajua vipande vipande. Yalipata sura mwezi wa sita mwaka huu, alipokuja Jalia.

Jalia ni mke wa Shakib, mwanamke mrefu mwenye sauti ya soko. Ananunua sato Kasenyi alfajiri, anauza Kasese, na siku za Jumanne na Ijumaa analeta Bwera. Miaka yote amepanda pikapu za watu. Mwenye pikapu akichelewa, samaki hawamsubiri. Mwezi ule mwenzake mmoja aliyekuwa akiacha biashara alitaka kuuza pikapu yake yenye kasha la barafu, na kwa ajili ya urafiki akamshikia Jalia hadi mwisho wa mwezi. Bei ilikuwa milioni ishirini na tatu. Mbali na malori yaliyowalisha, nyumba yao haikuwa na kitu cha thamani hiyo isipokuwa lile gari lililolala chini ya turubai. Lakini waliokuja kuliona walitoa bei ya mzoga. Milioni tisa, alisema mmoja, na hiyo ni kwa ajili ya injini.

Walifika asubuhi ya Jumamosi. Shakib, ambaye sasa ana kitambi kidogo na watoto wanne, alisalimia na kutazama viatu vyake. Aliyesema ni Jalia.

"Papa, huyu mume yangu alikata gari. Sasa nauliza kitu moja tu. Inaweza kurudi?"

Papa Anselme alifikiri. "Inaweza kurudi kama bintu iko," akasema, yaani kama vile vitu vya zamani vipo.

Shakib akaeleza kwamba ameulizia Kampala. Dashibodi, reki, pedali, nyaya, vyote vinapatikana, lakini vingekula nusu ya bei ya gari. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejificha. "Ile ya zamani najua ulishauza, Papa. Hata mimi ningeuza."

Papa Anselme aliinuka akaingia ndani. Tukasikia bati likikwaruza sakafu.

"Kaa, mama," Mama Marlène akamwambia Jalia. "Ile kelele naisikiaka kila asubuhi. Leo njo mara ya kwanza inanipendeza."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka ule upepo ulipong'oa nusu ya paa lao, fundi mmoja wa Ibanda alikuja na fedha taslimu kuitaka ile reki, na Mama Marlène alimsihi mumewe aiuze wanunue mabati. Alikataa. Akaenda kuazima mabati parokiani, na wakalala wiki mbili chini ya turubai. Hawakusemezana wiki hizo, aliniambia, na turubai lenyewe lilikuwa lile la kile kitu cha boritini.

Sanduku likawekwa mbele ya wageni. Papa Anselme akafungua vitenge kimoja kimoja. Shakib akauchukua usukani, akaugeuza, akapapasa kwa kidole gumba mahali ambapo ngozi ilikuwa na alama ya kuungua, aliyoiweka mwenyewe kwa sigara siku za ujana. Jalia aliketi chini kwenye sementi, na gauni lake zuri, akaweka mikono yote miwili ndani ya sanduku kama anayepima samaki.

"Na hiyo iliyo juu njo dashibodi," akasema Papa Anselme, akionyesha boriti. "Springi iko kwa stoo. Bomba pia. Lakini bomba ilikula kutu kidogo. Munisamehe."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita.

Gari lililetwa Bwera siku iliyofuata. Watoto walilikimbilia wakicheka kwamba lina dereva upande wa abiria. Nilipotoka shule nilikuwa nikipita gereji na kukaa kwenye gogo na kitabu changu, na kila siku gari lilikuwa na kitu pungufu. Bawa likatoka. Taa za kijani zikatoka. Lile bomba pana likatoka na la zamani, lililosuguliwa kutu na kupakwa rangi ya kuhimili moto, likarudi. Shakib alikuwa akija kila siku mbili kusaidia, au tuseme kuomboleza. Papa Anselme alimweleza, kwa maneno machache kama kawaida yake, kwamba mnunuzi wa gari la mbio huwa na hofu moja. Anajua lilikuwa la kijana. Kila pambo analoliona linamwambia jinsi lilivyoendeshwa. Injini iliyotengenezwa vizuri, yenye risiti, inamtuliza. Shakib alikuwa na risiti za gasketi ya silinda na za mkanda wa injini, nazo zilikuwa na thamani zaidi kuliko bawa.

"Kwa hiyo kila kitu niliweka kinapunguza bei," akasema Shakib.

"Breki hapana. Breki tuache."

"Miaka tatu ya pesa yangu, breki peke yake?"

"Tushukuru," akasema Jalia, aliyekuwa ameleta chakula. "Angalau ulinunua kitu moja ya kukusimamisha."

Papa Anselme alicheka hadi akaweka spana chini. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo.

Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi usukani ulikuwa umerudi kulia. Ule ukuta wa chuma ulikuwa umetobolewa tena pale pa zamani, na tundu la kushoto limezibwa na kuchomelewa, mshono wake ukiwa umesagwa ukawa laini. Mnunuzi alikuwa amepatikana pia. Oryem, fundi wa umeme anayefanya kazi Fort Portal, aliona picha na akasema atakuja siku ya ishirini na tisa. Jalia aliomba milioni ishirini na saba. Ikishuka chini ya ishirini na tatu, pikapu ingekwenda kwa mtu wa Katwe aliyekuwa akisubiri.

Jioni ya ishirini na nane Papa Anselme alinigongea mlango akiwa na Shakib na Jalia nyuma yake. Aliniomba niandike karatasi kwa Kiswahili safi, kwa kuwa yeye huandika Kifaransa. Ilikuwa historia ya gari. Akawa anasema, mimi naandika: mwaka gani kilitoka nini, kikaingia nini, kikarudi nini. Ubavu wa nyuma wa kushoto uligongwa kwenye nguzo Ibanda, ulinyooshwa na kujazwa fila, ule uji mzito wa kusawazisha bati; chesisi, mifupa ya gari, haikuguswa. Ukuta wa injini ulitobolewa mara mbili na kuchomelewa mara mbili.

"Hiyo ya kuchomelea tuache," akasema Shakib. "Iko nyuma ya injini. Nani ataingiza kichwa huko?"

Papa Anselme hakubishana. Alisema kama karatasi ya Kiswahili haitakuwa na jambo hilo, ataandika nyingine yeye mwenyewe kwa Kifaransa na kuibandika kwenye kioo.

Jalia akaniuliza, taratibu, kama haingewezekana kuliweka mwisho kabisa, kwa maandishi madogo. Nilimhurumia. Mtu ambaye pikapu yake inategemea mstari mmoja ana haki ya kuutamani uwe mdogo. Lakini mkono wangu una ukubwa mmoja tu, na niliandika kwa ukubwa huo. Shakib alichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati.

Oryem alifika gereji saa nne asubuhi, mtu mwembamba mwenye kofia, aliyesalimia kila mmoja kwa mkono kisha akaacha kabisa kuzungumza. Alitoa tochi, na sumaku ndogo iliyovikwa soksi ya mtoto. Akaipitisha sumaku juu ya kila bati la gari kama daktari anavyosikiliza kifua. Bati la mlango wa mbele, ikashika. Paa, ikashika. Alipofika ubavu wa nyuma wa kushoto ikaanguka mchangani.

Akaiokota, akajaribu tena. Ikaanguka.

"Ka-mkwaruzo tu hako," Shakib alianza. "Mtoto na baiskeli."

Oryem aliivua sumaku soksi yake na kuipangusa. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka. Alisema magari ya namna hii ameona mengi Kampala, na kwamba mtu akificha ubavu ameficha na mengine, kwa hiyo hana sababu ya kupoteza siku yake. Nilimwona Jalia akishika nguzo ya gereji.

"Mupe karatasi," akasema Papa Anselme.

Shakib hakusogea. Jalia ndiye aliyesogea. Alimwendea mumewe mbele ya watu wote, akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati lake, akaitoa karatasi, akaikunjua, akampa Oryem.

"Hakuna mtoto na baiskeli, ssebo," alimwambia kwa heshima. "Ni nguzo."

Oryem aliisoma amesimama, mstari kwa mstari, kisha akaisoma tena. Akafungua boneti, akawasha tochi, akaingiza kichwa hasa mahali ambapo Shakib alisema hakuna mtu angekiingiza. Alikaa humo muda mrefu. Tuliona mgongo wake tu.

"Fundi, kuja hapa. Nani alichomelea hii?"

"Mimi."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

"Na nani alikwambia ukate gari nzima hivi?"

"Nililipwa," akasema Papa Anselme.

Oryem alitoa kichwa. Kwanza nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka. Akaomba ufunguo, akampandisha Shakib upande wa abiria, wakaondoka kuelekea njia panda ya Kyondo. Sauti ilikuwa ya kawaida, nzito kidogo. Hakuna jirani aliyetoka kutazama.

Oryem alikuwa amesema watarudi baada ya dakika ishirini. Zilipita arobaini. Mama Marlène alileta chai, na ya Jalia ikapoa. Jalia aliniuliza, mimi ambaye sijui kuendesha hata baiskeli, kama huenda reki imeachia. Nilimwambia imepanguswa kila siku kwa miaka sita, na ni jambo pekee la magari ninalolijua kwa hakika. Papa Anselme aliendelea kufunga kabureta ya mtu mwingine, lakini kila sauti iliyopanda kilima aliinua kichwa, na mara mbili niliona ameshika boliti bila kuikaza.

Walirudi baada ya saa nzima. Lori la kahawa lilikuwa limekwama kwenye daraja. Shakib alishuka akiwa na uso wa mtoto aliyetoka kupandishwa farasi.

Oryem alizungumza zaidi wakati huo kuliko tangu alipofika. Alisema mshono ule ni safi, lakini ni mshono, na siku atakayouza yeye atapaswa kuueleza, kwa hiyo bei lazima ishuke. Ubavu nao unashusha. Lakini springi ni za gari lenyewe, dashibodi ni yake, risiti za injini zipo, na breki ni nzuri kuliko alizotarajia. Angetoa milioni ishirini na nne na nusu. Kama angeukuta ule mshono mwenyewe, bila karatasi, asingetoa hata kumi. Angerudi kwenye stendi ya mabasi.

Jalia alifunika uso kwa ncha ya mtandio wake, na mabega yake yakashuka polepole, kama ya mtu aliyetua ndoo ya maji aliyotoka nayo mbali. Mama Marlène alimshika kiuno wakakaa wote wawili kwenye gogo langu. Shakib akamshukuru Mungu mara tatu, akamshika mkono Papa Anselme, akasahau kuuachia.

Mapatano yaliandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa, fedha zikatumwa benki, na kabla ya saa tisa Jalia alikuwa amempigia mwenzake na kumwambia pikapu isiguswe na mtu wa Katwe. Shakib aliomba akae kwenye gari mara moja ya mwisho. Alikaa upande wa kulia, mikono juu ya usukani wenye alama ya sigara.

"Shuka," Jalia alimwambia. "Gari ya watu hiyo."

Alishuka akicheka. Oryem aliondoka na karatasi yangu ameiweka kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na risiti.

Jalia alitaka kulipia uhifadhi wa miaka sita juu ya malipo ya kazi. Papa Anselme alikubali malipo ya kazi tu. Basi Jumanne iliyofuata pikapu nyeupe yenye kasha ilisimama mlangoni petu, maji ya barafu yakidondoka nyuma, na Jalia akashusha sato watatu wakubwa, bado wakiwa wagumu kwa baridi. Alisema Papa amekataa pesa, lakini hakuna mtu aliyemwambia kwamba alikataa samaki. Mama Marlène aliwapika wote siku ileile.

Asubuhi ya Jumatano nilikuwa mlangoni pangu nikisubiri maji ya chai yachemke. Nilisikia sanduku likivutwa kwa mara ya kwanza tangu gari lije, maana wiki zile alikuwa akienda gereji alfajiri. Lilikuja kwa wepesi ambao mikono yake haikuutarajia, na Papa Anselme akatokea barazani nusura aanguke nalo kinyumenyume. Ndani kulikuwa na vipande vya kitenge tu. Mkewe akacheka kutoka jikoni, akasema aliache hapo, leo ataliosha atie nguo za Jumapili. Yeye akaketi, kitambaa cha oili mkononi, akatazama. Kisha, kwa kuwa kitambaa kilikuwa tayari, akapangusa bawaba za mfuniko, ya kwanza na ya pili.

Katika miezi saba nilikuwa sijamuuliza swali hata moja. Nilivuka ua nikasimama karibu na ngazi.

"Papa, ulijua kwamba Shakib atarudi?"

Alikikunja kile kitambaa.

"Hapana, mudada, sikujua. Lakini bintu ya batu nilishaiacha mara moja, kule Butembo, na sikupenda."